Mchicha wa Wiki Nne, Muhogo wa Mwaka

Uvira iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye mita zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari. Gasorwe iko kaskazini mashariki mwa Burundi, katika vilima vya Muyinga vinavyopita mita 1,500. Anayeondoka Uvira alfajiri, akavuka Gatumba, akapanda mlima hadi Bugarama, akapita Kayanza na Ngozi, jioni anakuwa amefika. Safari ni ya siku moja, lakini jiko linabadilika karibu lote. Mchikichi umebaki bondeni, samaki mbichi amebaki ziwani, na muhogo, unaoota pande zote mbili, unapikwa kwa mkono mwingine.

Kambi ya Kinama, iliyoko Gasorwe, ilifunguliwa mwaka 2002 kupokea Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini. Wamo watu wa Uvira, wa Fizi, wa bonde la Ruzizi na wa nyanda za juu za Minembwe, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Mtu aliyehamia mahali papya akishapata pa kulala, huanza kuuliza: hapa nitapata wapi kile tunachokula kwetu? Swali hilo limeulizwa Gasorwe kama lilivyoulizwa Mishamo, Muscat, Brussels na Des Moines. Majibu yametofautiana sana, na tofauti hizo zinastahili kuwekwa pamoja na kupimwa.

Wengi wanaoandika juu ya chakula cha ugenini huanzia kwenye kumbukumbu: mkono wa mama, harufu ya jiko la bibi. Sipingi kumbukumbu, ila naona haina nguvu tunayoipa. Mhamiaji hapotezi vyakula vya kwao kwa kufuata mapenzi yake, wala havirudishi kwa kufuata mapenzi hayo. Kila chakula kinadai muda wake ardhini na jikoni, na muda huo unakutana na mwingine: ule ambao mhamiaji ameruhusiwa kukaa, au anaoamini atakaa. Pale muda huu unapotosha, chakula kinarudi. Usipotosha, hata anayekipenda kuliko vyote atakila kwa mdomo tu, akisimulia.

Tuanze na mchicha, ambao Wakongo na Warundi wengi huuita lenga lenga. Mbegu zake ni ndogo kiasi kwamba za kutosha bustani nzima zinafungwa kwenye pindo la kitenge. Zikimwagwa kwenye udongo wenye samadi kidogo, baada ya wiki tatu au nne majani yanachumwa, na yakichumwa vizuri yanachipua tena. Hayahitaji shamba. Gunia lililojazwa udongo na kutobolewa pembeni, likawekwa mlangoni, linaweza kulisha nyumba. Ndiyo maana mchicha ndio chakula cha nyumbani kinachorudi mapema kuliko vyote katika kambi za ukanda huu. Anayepanda mchicha hajaahidi chochote kuhusu mwezi ujao.

Muhogo ni habari nyingine kabisa. Kwenye joto la kando ya ziwa unaweza kung'olewa baada ya miezi tisa au mwaka, lakini kadiri unavyopanda mlimani ndivyo unavyochelewa, na kwenye baridi ya vilima mwaka na nusu si ajabu. Baada ya hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Kwa mtu wa Uvira, ugali, anaouita bugali, ni wa unga wa muhogo uliolowekwa. Muhogo unamenywa, unazamishwa majini siku tatu au nne hadi ulainike, nyuzi za katikati zinatolewa, vipande vinaanikwa juani hadi vikauke na kuwa vyeupe, ndipo vinatwangwa au kupelekwa mashineni. Mama anayenunua unga huo sokoni hautazami tu. Anauchota kidogo, anausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha anaupeleka puani. Anatafuta ile harufu chachu ya muhogo uliokaa majini siku za kutosha. Akiikosa anaurudisha ndani ya gunia na kuendelea na safari yake, kwa sababu anajua kitakachotokea kwenye sufuria: unga ulioharakishwa hautavutika. Ugali mzuri wa muhogo, ukisongwa kwenye maji yanayochemka, unang'aa na kuvutika, na tonge lake linateleza na mchuzi bila kutafunwa sana. Ugali wa mahindi una chembechembe na unamomonyoka. Aliyelelewa na huu wa kwanza atakula huo wa pili na kushiba, kisha atasema hajala.

Mgao wa kambini kwa miaka mingi umekuwa unga wa mahindi, maharage au njegere, mafuta na chumvi. Sina neno dhidi ya mgao unaookoa maisha. Nasema tu kwamba uliandaliwa kwa hesabu ya kalori, na kwenye hesabu hiyo mahindi na muhogo vinakaribiana, ilhali mdomoni viko mbali.

Wenyeji wa Muyinga, kwa bahati njema, wanaelewa jambo hili bila kuelezwa. Warundi nao huloweka muhogo majini na kuuita ikivunde, na wanao ubuswage, ule mkate wa muhogo unaofungwa kwenye majani, ndugu wa chikwange ya Kongo. Mtu wa Uvira anayetafuta unga wa kwao Gasorwe haulizi kitu kigeni. Lakini balaa lilikuwa limewatangulia. Miaka ileile ya mwanzo ya kambi, ugonjwa wa batobato kali wa muhogo, uliokuwa umeangamiza mashamba ya Uganda kabla ya hapo, uliingia Burundi kupitia kaskazini mashariki, Kirundo na Muyinga. Majani yakajikunja na kupata mabaka ya njano, mizizi ikabaki mikia mitupu. Mgeni alifika akiutafuta muhogo wakati mwenyeji mwenyewe anaulilia. Mbegu zinazohimili ugonjwa zilisambazwa baadaye na mashamba yakainuka tena, lakini kwa waliofika katika misimu ile, muhogo ulikuwa adimu kwa kila mtu.

Sombe ina ujanja wake katika jambo hili la muda. Ni majani yaleyale ya muhogo, na majani hayangoji mwaka: miezi michache baada ya kupanda, machipukizi ya juu yanaweza kuchumwa. Kwa hiyo mboga inarudi kabla ya ugali wake. Mwenye shamba hafurahi ukichuma kupita kiasi, maana mmea uliovuliwa majani haunenepeshi mizizi, lakini majani yanauzika na fedha inahitajika. Sombe huanzia kwenye kinu. Majani yanatwangwa pamoja na vitunguu vya majani na pilipili, hadi yawe kama uji mzito wa kijani, kisha yanachemshwa, na hapa ndipo ugumu unapojitokeza. Sombe isiyoiva vizuri ina ukali, na kuiva vizuri ni saa nzima au zaidi motoni. Saa hizo ni kuni, na kuni ni adimu karibu katika kila kambi. Nimesikia wanawake wakisema kwamba Jumapili ndiyo siku ya sombe, kwa kuwa familia mbili zinaweza kuunganisha moto mmoja. Kwao Uvira ilikuwa mboga ya siku yoyote. Umaskini wa kuni umeipandisha cheo ikawa chakula cha siku kuu.

Inayofika Gasorwe bila shida kubwa ni ndagala. Dagaa huyu wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, hasa siku za giza la mwezi, kisha huanikwa kwenye mchanga au kwenye vichanja, na akishakauka hamjali mtu. Anapanda lori, anapanda baiskeli, anamwagwa juu ya gunia sokoni Muyinga na kupimwa kwa kopo. "Mama, hizi ni za Rumonge au za ng'ambo?" mnunuzi anauliza, na ng'ambo ni upande wa Kongo. "Za Rumonge, mama, onja." Anaonja moja, anatafuta mchanga kwa meno. Ndagala imefanyiwa kazi yake ya muda kulekule pwani ya ziwa, ndiyo maana haimdai mhamiaji ardhi wala msimu. Inamdai fedha, na fedha kidogo inatosha ndagala za kutia ladha kwenye sombe, hata kama hazitoshi kuwa kitoweo.

Nitatoka nje ya njia kidogo, kwa sababu historia ya samaki huyu inanigusa kila ninapoikumbuka. Mojawapo ya aina mbili za ndagala za Tanganyika, Limnothrissa miodon, ambayo wengi huiita lumbu, ilichukuliwa ikiwa hai mwishoni mwa miaka ya 1950 na kupandwa Ziwa Kivu, ambako leo watu wa Goma na Bukavu huiita sambaza na wengi wao wanaamini imekuwa yao tangu zamani. Mwaka 1967 na 1968 ikapandwa pia katika bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, nako ikawa kapenta. Hivyo mtu wa Uvira aliyefika Kariba, mamia ya kilomita kutoka ziwa lake, anaweza kununua samaki wa kwao aliyezaliwa huko.

Mawese nayo husafiri, kwa kidumu, kutoka Rumonge na Nyanza-Lac, ambako michikichi ya Burundi inastawi. Mchikichi unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne na unataka joto la bondeni, kwa hiyo hakuna anayeota kuupanda Gasorwe. Mafuta haya ni ya kununuliwa tu.

Sasa tuugeuze mpaka. Mwaka 1972, Warundi wengi walikimbia mauaji nchini mwao na kuingia Tanzania, na serikali ya wakati ule ikawapeleka katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, upande wa Mpanda. Palikuwa msitu na miombo. Lakini kila familia ilipimiwa shamba la hekta kadhaa na kuambiwa ilime. Pale walipanda vyote: mchicha na maharage kwanza, maana tumbo halisubiri, kisha muhogo, kisha migomba, ambayo Mrundi hawezi kuishi bila kuiona uani. Baada ya misimu michache msako wa chakula cha nyumbani ulikwisha, kwa sababu walikuwa wanakivuna. Makazi hayo yaliuza hata ziada nje. Mwaka 2014 Tanzania ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia zaidi ya watu 162,000 wa kizazi hicho na watoto wao. Naamini migomba ile ilitangulia kusema kile ambacho vyeti vilikuja kukithibitisha baadaye sana.

Waliowafuata katika miaka ya 1990 walikuta mambo mengine. Kambi za Kigoma zilikuwa za kungoja, na mkimbizi hakuruhusiwa kwenda mbali zaidi ya kilomita nne bila kibali. Watu ni walewale, kutoka vilima vilevile, wakila maharage yaleyale, lakini bustani zao zikarudi kuwa za mchicha. Sijaona ushahidi wa wazi zaidi wa hoja yangu kuliko huu: taifa moja, nchi moja iliyowapokea, na tofauti yote ni hekta na ruhusa.

Wengi wa hao walirudi Burundi kupitia mpaka wa Kobero, na Muyinga ilikuwa mlango wao. Waliokulia kambini Tanzania walipofika kwa babu zao walianza msako wa kwao wenyewe. Walitaka sembe, chapati za kusukuma, chai ya maziwa yenye tangawizi. Katika Muyinga hawakuhangaika sana, kwa sababu mji huo una jamii ya Waislamu wa Kiswahili ya tangu enzi za misafara na biashara za kikoloni, na barabara ya Dar es Salaam inaingia nchini hapohapo. Mandazi, sambusa na pilau vilikuwepo kabla yao. Waliokwenda vijijini, na waliofika Gitega, walibaki kuelezwa na jamaa zao kwamba ugali wa sembe si chakula cha Mrundi. Huo nao ni ugeni, na haupungui uchungu kwa sababu umempata mtu katika nchi ya baba yake.

Mswahili wa pwani anatafuta chakula chake kwa njia nyingine. Nazi ndiyo uti wa mgongo wa jiko lake, na mnazi mrefu wa kienyeji unakawia miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya mwaka 1970 Sultani Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi, maelfu ya watu wenye asili ya Oman waliozaliwa Zanzibar, Pemba na mwambao walihamia Muscat. Muscat haina minazi ya kulisha jiko. Salalah, kusini kabisa, inayo, pamoja na ndizi na mapapai, kwa sababu ya mvua za kusi, lakini kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita zipatazo elfu moja. Hata hivyo futari ya nyumba nyingi za Waswahili wa Muscat ina muhogo wa nazi, ndizi mbichi na mbaazi, kama kwao Unguja. Wamevipata kwa biashara. Muhogo unaletwa, tui linauzwa kwenye kopo, na mwenye hamu kubwa zaidi ana jamaa anayeruka kati ya Zanzibar na Muscat na sanduku lenye nafasi. Mshikaki wa kuuzwa kando ya barabara umekuwa wa Oman nzima.

Ninauheshimu ustadi huo wa pwani, wa watu ambao kwa karne nyingi wamejua kuleta kitu kutoka ng'ambo badala ya kukingoja kiote. Lakini ni lazima kusema wazi kwamba unategemea pasipoti na mshahara. Mkimbizi wa Kinama ana ulimi wa kutafuta kama wa mwanamke wa Muscat. Asichokuwa nacho ni sanduku la ndege. Katika muongo wa 2010 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ambalo Burundi tunaliita PAM, lilianza kuwapa wakimbizi wa kambi za Burundi, Gasorwe ikiwemo, vocha za kununulia chakula kwa wafanyabiashara, na tofauti ilionekana kwenye sufuria: mwenye vocha aliweza kuchagua unga wa muhogo badala ya mahindi. Kwa maneno mengine, alipewa kipande kidogo cha njia ya pwani. Mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kutekwa na makumi ya maelfu ya Wakongo wengine kuvuka kuingia Burundi, mgao ulishushwa hadi nusu. Mtu aliyepunguziwa chakula nusu hachagui tena, ananunua kinachojaza.

Kaskazini zaidi, Brussels, mtaa wa Matonge umebeba jina la mtaa wa Kinshasa na maduka yake huuza pondu, yaani sombe, iliyotwangwa na kugandishwa, chikwange, mawese na samaki wakavu. Mrundi na Mkongo huonana hapo kwenye friji moja. Sina mengi ya kuongeza juu ya Matonge. Ni soko, lina kila kitu, na bei yake inajulikana.

Des Moines, katika jimbo la Iowa, Marekani, inanivutia zaidi. Huko wamepelekwa Warundi wengi, wakiwemo wa kile kizazi cha 1972, na wengine hulima katika mashamba ya mpango uitwao Global Greens, ambao huwapatia wakimbizi vipande vya ardhi na soko la mazao yao. Udongo wa Iowa ni mweusi na mnono kuliko wowote walioujua. Lakini majira ya joto ni ya miezi michache tu, na barafu ya kwanza inaua muhogo kabla haujafikiria kuweka mizizi. Kwa hiyo wamepanda lenga lenga, nyanya chungu ambazo Warundi huziita intore, maharage, pilipili, yaani kila kinachoweza kuanza na kumaliza kabla ya baridi. Wanayo ardhi, wanaishi kihalali, na bado kalenda imewarudisha kwenye mchicha uleule wa mlangoni kwa mkimbizi wa Gasorwe. Ila hapa iliyowanyima muhogo ni hali ya hewa, na haina sheria inayoweza kurekebishwa.

Kuna watu ambao hesabu yangu ya muda inawaelemea kupita wote, nao ni Wanyamulenge, wafugaji wa zile nyanda za juu za Minembwe. Chakula chao cha nyumbani ni maziwa, na nyuma ya maziwa kuna ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe kuna malisho ya Minembwe. Mtamba hukaa miaka kama mitatu kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Mbegu ya ng'ombe haifungwi kwenye kitenge, maziwa hayakauki kama ndagala yakabaki na ladha yake, na kambi haina malisho. Maziwa ya unga ya dukani wanayanywa, lakini hakuna mzee wao atakayekubali kuwa ndicho kitu alichokiacha. Katika ulinganisho huu wote, mfugaji ndiye ambaye kwa jembe hapati na kwa soko hapati.

Kinama sasa ina zaidi ya miaka 20. Kwa muda huo muhogo ungekwisha kung'olewa na kupandwa upya mara nyingi, na mgomba mmoja ungekuwa kichaka. Najua ugumu uliopo: Burundi ni miongoni mwa nchi zenye msongamano mkubwa wa watu barani, na familia nyingi za wenyeji zinalima chini ya nusu hekta. Hakuna wa kumtolea mgeni hekta za Mishamo. Anayepata kipande hukikodi kwa mwenyeji kwa msimu mmoja, na msimu mmoja unatosha maharage. Lakini mkataba wa miaka miwili juu ya kipande kidogo, ambao mwenye shamba na mkimbizi wanagawana mavuno, na unaotambuliwa na tarafa, ungetosha muhogo, na mwenyeji angepata mikono ya kulima na mbolea asizozimudu peke yake. Sioni kwa nini utafutwe mpango mkubwa zaidi ya huo kwanza.

Vijana waliozaliwa Kinama hawaingii vizuri katika hesabu yangu, na nimewaacha mwisho kwa sababu hiyo. Hawajawahi kuonja samaki mbichi wa Uvira. Wamekulia maharage ya Muyinga yaliyopikwa na ndizi, na ugali wa mahindi wa mgao ambao mama zao waliulalamikia. Baadhi yao wamehamishiwa Marekani pamoja na wazazi. Huko mama anatafuta sombe iliyogandishwa kwenye maduka ya Waafrika, na kijana anazunguka kutafuta ndizi mbichi za kupikia na maharage yanayofanana na yale ya Gasorwe. Wote wawili wanasema wanatafuta chakula cha nyumbani, na siku za Jumamosi hugombea sufuria moja.